Marejeo ni Ngamani: Kazi za Chomboni katika Methali za Bahari na Namna Zinavyosomwa Rungwe

1. Utangulizi

Methali za Kiswahili zinazotaja chombo cha bahari hufundishwa sana mbali na bahari. Mwanafunzi wa sekondari mjini Tukuyu, takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hukutana na tezi, omo, joshi na ngama katika somo la fasihi simulizi, kisha hupewa maana iliyokwisha kutayarishwa: msafiri hurejea kwao, mnyonge hafanikiwi, viongozi wakizidi mambo huharibika, aliyeandikiwa kuangamia haokoki. Maana hizo hukaririwa na hatimaye hutolewa katika mtihani. Chombo chenyewe huachwa, kama ganda la ndizi iliyokwisha kumenywa.

Makala hii inadai kuwa sehemu kubwa ya maana imebaki katika ganda hilo. Methali za chombo zimehifadhi kazi za kila siku za watu waliosafiri kwa tanga katika bahari iliyochafuka: kufua maji, kutweka na kutua tanga, kushika usukani, kukaa zamu. Ufafanuzi wa kawaida unapoziondoa kazi hizo, haubaki na maana ileile iliyofupishwa. Unabaki na maana nyingine, ambayo mara nyingi imehama kutoka kwenye wajibu wa mtu kwenda kwenye majaliwa. Ili kuithibitisha hoja hii, makala inazisoma upya methali nne, inaijadili moja ambayo inaelekea kuipinga hoja yenyewe, na kisha inaangalia safari ya chomboni katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952). Usomaji wote unafanywa kwa kuzingatia Wilaya ya Rungwe, kwa sababu hapo ndipo swali linapojitokeza kwa ukali: je, lugha ya bahari ni mali ya azima kwa msomaji wa milimani, au naye ana haki na njia ya kuifikia?

2. Rungwe na njia ya maji

Imezoeleka kuigawa fasihi ya Kiswahili katika pwani na bara, na kumweka msomaji wa Nyanda za Juu Kusini upande wa pili wa mpaka huo. Kwa Rungwe, mgawanyo huo unahitaji kutazamwa kwa tahadhari. Mito ya Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka nyanda za juu za Rungwe hadi Ziwa Nyasa. Maji ya ziwa hilo hutoka kwa mto Shire, huingia Zambezi, na kumalizikia Bahari ya Hindi. Methali isemayo "Bahari iliko ndiko mito iendako" ina ukweli wa kijiografia hapa kabla ya kuwa na ukweli wa kimaadili.

Historia nayo ilipanda kwa njia hiyohiyo kwa mwelekeo wa kinyume. Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walipitia Zambezi, Shire na ziwa. Meli ya mvuke Hermann von Wissmann ililetwa kwa vipande kupitia mito hiyo, ikaundwa na kuanza kazi ziwani mwaka 1893. Kituo cha Langenburg, kilichokuwa ufukoni mwa ziwa, ndicho kilichoipa Tukuyu jina lake la wakati wa Wajerumani, Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Kwa hiyo mji ambao leo unajulikana kwa mvua, migomba na chai ulianza kuandikwa katika ramani kwa jina lililotoka majini.

Fasihi andishi ya Kiswahili ina ushahidi wa mapema wa njia hii. Katika mkusanyiko wa Carl Velten, Safari za Wasuaheli, uliochapishwa mwaka 1901, imo habari ya safari ya Nyasa iliyosimuliwa na Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na msafara wa Wajerumani. Jambo la kuzingatia ni kwamba ziwa hili liliingia katika nathari ya Kiswahili mapema, na liliingia kwa sauti ya mtu wa visiwani. Pwani na Nyasa hazikuwa dunia mbili zisizojuana.

Ziwa lenyewe si dogo wala si tulivu. Lina urefu unaozidi kilomita 500, na katika miezi ya upepo wa kusini mawimbi hupata nafasi ndefu ya kukua kabla ya kufika ncha ya kaskazini, kwenye ufuko wa Matema na bandari ya Itungi. Wakisi, wafinyanzi na wavuvi wa ufuko huo, kwa muda mrefu wamesafirisha vyungu vyao kwa mitumbwi hadi kwenye magulio ya ziwani. Mzigo wa vyungu katika mtumbwi ni mtihani wa ubaharia: haustahimili kugongana, na haupendi mrama. Wanyakyusa nao wana jina lao la mtumbwi, ubwato, lenye asili moja na majina ya mtumbwi katika lugha nyingi za Kibantu. Kwa hiyo mwanafunzi anayeambiwa kuwa chombo ni "jambo la watu wa pwani" ananyimwa daraja ambalo tayari lipo wilayani kwao na kwa majirani zao wa Kyela, wilaya ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Rungwe.

3. Siku ya kazi chomboni

Kabla ya kuzisoma methali, ni lazima ieleweke siku ya kawaida chomboni ilikuwaje. Ushahidi mmoja mpana ni wa Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, aliyesafiri mwaka 1938 hadi 1939 katika jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, kutoka Aden hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji, ambako lilipakia boriti za mikoko. Kitabu chake, Sons of Sindbad, kilitoka mwaka 1940. Ushahidi mwingine ni utafiti wa A. H. J. Prins kuhusu ubaharia wa Lamu, uliochapishwa mwaka 1965.

Katika chombo cha namna hiyo, maisha yalipangwa na nafasi. Tezini, sehemu ya nyuma, alikaa nahodha, na hapo palikuwa na usukani na dira. Omo, sehemu ya mbele, palikuwa mahali pa nanga, kamba na kazi nzito. Chakula kilipikwa juu ya sitaha katika sanduku la moto, na bahari ilipochafuka kupika kulikuwa kazi ya hatari. Abiria walikaa juu ya shehena. Wanawake walipewa chumba cha chini ya tezi, chenye giza na joto. Mabaharia walilala popote penye nafasi, kila mmoja akiwa na sanduku lake la bidhaa ndogondogo za kuuza bandarini. Ujira haukuwa mshahara. Ulikuwa fungu la pato la safari, na wengi walikwisha kukopa juu ya fungu hilo kabla ya kung'oa nanga. Baharia alidaiwa na nahodha, na nahodha akadaiwa na tajiri.

Kazi kubwa ilikuwa tanga. Tanga la pembe tatu linaloning'inia kwenye foromali halipunguzwi kwa urahisi upepo unapozidi. Hutuliwa foromali nzima, likafunguliwa tanga kubwa, likafungwa dogo, kisha yote yakatwekwa tena kwa nguvu za mikono. Kugeuza chombo dhidi ya upepo, yaani kubisha, kunadai kuihamisha foromali upande wa pili wa mlingoti huku chombo kikiyumba. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na watu wawili au watatu katika chombo kikubwa. Inataka jamii nzima ya chomboni, na ndiyo sababu iliendeshwa kwa nyimbo zenye mapigo ya pamoja.

Kazi ya chini kabisa, kwa mahali na kwa heshima, ilikuwa kufua maji. Chombo cha mbao huvuja. Mtepe, ambao mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, ulijulikana sana kwa kuvuja. Majahazi ya misumari yalikalafatiwa kwa pamba na mafuta, na bado yalivuja. Maji yaliyoingia kwa mawimbi au kwa nyufa yalikusanyika ngamani, chini kabisa ya chombo, na huko yalitekwa kwa upo au ndoo na kumwagwa nje. Usiku wa dhoruba kazi hiyo haikuwa na mwisho.

Ushahidi wa Villiers una mpaka wake, na mpaka huo unahusu hoja ya makala hii moja kwa moja. Villiers alikuwa mgeni wa nahodha, na mahali pake palikuwa tezini. Aliuona ustadi wa nahodha kwa karibu, na alieleza deni la mabaharia kwa huruma. Hata hivyo, chombo alikitazama kutoka juu kwenda chini. Methali zinazojadiliwa hapa, kama itakavyoonekana, nyingi zinakitazama kutoka chini kwenda juu.

4. Mwenda tezi na omo

Methali "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" hufafanuliwa kwa kawaida kuwa mtu hata atembee wapi, mwisho hurudi kwao. Ngama hufanywa kuwa nyumbani: mahali pa utulivu, asili na faraja. Ufafanuzi huu umekubalika kiasi kwamba methali hutumiwa kumkaribisha aliyerudi kutoka ughaibuni.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaieleza ngama kuwa sehemu ya chini ya chombo ambamo maji hutekwa. Maelezo haya yanaibadili methali. Anayerejea ngamani harejei kwenye starehe. Anarejea mahali penye giza, penye harufu, palipo na kazi isiyokwisha. Tezi na omo ni mahali pa kuonekana: huku amri, kule nanga na bandari inayokaribia. Ngama ni mahali pasipoonekana, na chombo kizima kinategemea kazi inayofanyika hapo. Methali inamwambia kila aliyemo chomboni, awe wa nyuma au wa mbele, kwamba zamu yake ya kufua maji ipo.

Muundo wa methali unaiunga mkono maana hii. Kishazi cha kwanza kina mwendo, "mwenda"; cha pili hakina kitenzi cha mwendo, kina nomino "marejeo" na kitenzi kishirikishi "ni". Methali haisemi kuwa mwenda tezi na omo atarejea ngamani siku moja. Inasema marejeo yake ndiyo hayo, kama sheria ya chombo isiyongoja nia ya mtu. Lahaja nyingine ya methali, inayotumia "hurejea", inaimarisha jambo hilo kwa kiambishi cha mazoea: ni kurejea kwa mara nyingi, zamu baada ya zamu, na siyo kurudi mara moja mwishoni mwa maisha.

Kuna jambo la pili. Anayekwenda tezi na omo kisha akarejea ngamani hapiti njia ya baharia peke yake. Anapita pia njia ya maji. Wimbi liingialo kwa omo na liingialo kwa tezi yote humalizikia ngamani. Mtu na maji wanakutana pale, na kukutana huko ndiko kazi. Msomaji wa Rungwe, ambaye anajua jinsi mvua ya mlimani inavyokusanyika mabondeni na kuteremka Kyela kwa mafuriko, hahitaji kuelezwa kwa kirefu kwamba maji ya juu yana mwisho wake chini, na kwamba wa chini ndio wanaoyapokea. Akipewa maana halisi ya ngama, methali hii inakuwa karibu naye kuliko inavyokuwa anapoambiwa tu kuwa "mwacha asili ni mtumwa."

Inaweza kupingwa kwamba watumiaji wa leo hawafikirii kufua maji wanapoisema methali hii, na kwamba maana ni ile inayokubaliwa na watumiaji. Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu. Maana ya nyumbani ipo na haiwezi kufutwa na mhakiki. Hata hivyo, kazi ya uhakiki ni kuonyesha kilichoachwa ili maana hiyo ipatikane. Nyumbani kunakoitwa ngama bila maji yake ni nyumbani kusikodai chochote. Nyumbani kunakoitwa ngama pamoja na maji yake kunamwuliza anayerudi amerudi kufanya nini.

5. Dau la mnyonge

"Dau la mnyonge haliendi joshi, likienda joshi ni Mungu kupenda." Vitabu vingi vya shule huridhika na kuieleza kwa msemo mmoja: mnyonge hana bahati. Dhana ya bahati haimo katika maneno ya nusu ya kwanza. Kwenda joshi ni kwenda kwa kuukabili upepo, na kama ilivyoelezwa katika sehemu ya tatu, jambo hilo linadai tanga zima, kamba imara, na mikono ya kutosha. Dau ni chombo kidogo. Dau la mnyonge ni dau lenye tanga kuukuu, kamba zilizounganishwa, mzigo uliozidi kwa kuwa mwenye nao hawezi kufanya safari mbili, na mabaharia wachache kwa kuwa hawezi kuwalipa wengi. Dau hilo haliendi joshi kwa sababu zinazohesabika moja moja. Methali imeanza kwa kutaja uchumi wa chombo.

Nusu ya pili humtaja Mungu, na hapo ndipo ufafanuzi wa majaliwa unapopata mlango. Lakini katika maisha ya tanga, nguvu ya mnyonge inapokwisha hubaki jambo moja: upepo wenyewe kugeuka. Upepo ukihama, njia iliyokuwa ya kubisha inakuwa njia nyoofu, na dau lilelile lenye tanga kuukuu huipata. Mabaharia wa Bahari ya Hindi waliishi kwa mabadiliko hayo, kaskazi na kusi, na waliyataja kwa lugha ya imani. "Mungu kupenda" kwa hiyo kunatofautisha mambo mawili: yale yanayotokana na nyenzo, ambayo mnyonge amenyimwa na watu, na yale yanayotokana na upepo, ambayo hayamo mikononi mwa mtu yeyote, awe tajiri au maskini. Methali haichanganyi umaskini na mapenzi ya Mungu, inavitenga. Ufafanuzi unaosema mnyonge hana bahati ndio unaovichanganya.

6. Manahodha na usukani

"Manahodha wengi, chombo huenda mrama" hutumiwa mara nyingi kufunga mjadala. Anayetaka sauti moja ndiye huitaja. Lakini chomboni hakukuwa na sauti moja. Nahodha aliamua njia na biashara. Serahangi aliongoza kazi za mabaharia na tanga. Mshika usukani alikuwa na zamu yake. Mpishi alikuwa na mamlaka juu ya moto na maji ya kunywa, mamlaka ambayo katika safari ndefu si madogo. Methali haisemi wasemaji wengi, wala viongozi wengi. Inasema manahodha wengi, yaani watu wengi wanaodai kazi moja. Inautetea mgawanyo wa kazi, na kwa hiyo inaweza kutumiwa hata dhidi ya nahodha anayetaka kuwa serahangi na mpishi pia.

Neno "mrama" nalo linastahili uzito wake. Kwenda mrama ni kuyumba upande huu na huu, si kuzama. Wanaouhisi mrama kwanza si wale wanaogombea unahodha, ambao wamesimama na kushika kitu. Ni abiria aliyelala juu ya shehena, mwanamke katika chumba cha giza, na mpishi mwenye sufuria ya moto. Methali inatoa hukumu juu ya wakubwa kwa kutaja mateso ya wadogo, na jambo hilo hupotea linapotafsiriwa kuwa "mambo huharibika".

Methali ya nne ndiyo yenye hatari zaidi inaposomwa vibaya: "Chombo cha kuzama hakina usukani." Muundo wa "cha kuzama" una utata. Unaweza kumaanisha chombo kilichoandikiwa kuzama, kama ilivyo katika "Sikio la kufa halisikii dawa", au chombo cha namna ile inayozama. Ufafanuzi wa kawaida unachagua maana ya kwanza: kuzama kumekwisha kuamuliwa, na kukosekana kwa usukani ni dalili tu. Katika maisha ya chomboni mpangilio wa sababu ni wa kinyume. Usukani hukaguliwa kabla ya safari. Chombo kisicho na usukani katika bahari iliyochafuka hugeuka ubavu kwa mawimbi, hujaa maji, na huzama. Kitenzi "hakina" kinataja upungufu, na upungufu una mtu aliyepaswa kuuona bandarini.

Tofauti hii si ya kitaaluma pekee. Maziwa ya Afrika Mashariki yana kumbukumbu nzito za vyombo vilivyozama. Katika Ziwa Nyasa, meli ya Vipya ilizama mwaka 1946 katika dhoruba, ikapoteza watu zaidi ya 100. Katika Ziwa Victoria, MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018; hii ya pili ilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, na waliokufa walizidi 220. Hivi havikuwa vyombo vya tanga, na methali haikutungwa kwa ajili yao. Lakini lugha ambayo jamii huitumia kuzungumzia ajali huokotwa kutoka katika hazina iliyopo. Mwanafunzi aliyefundishwa kuwa chombo cha kuzama kimeandikiwa kuzama amefundishwa pia kutouliza nani aliyehesabu abiria. Aliyefundishwa kuwa chombo kisicho na usukani huzama amepewa swali la kwanza la uchunguzi wowote.

7. Methali ya ufukoni

Hoja ya makala hii isifanywe kuwa sheria ya methali zote za bahari. "Mchelea bahari si msafiri" inaelekea kuipinga. Hapa hakuna kifaa, hakuna kazi, hakuna mahali pa chomboni; kuna bahari kwa ujumla na ushujaa kwa ujumla. Ikisomwa kwa kigezo cha kazi, methali hii haipatani na mwenendo wa mabaharia wenyewe, ambao waliichelea bahari kwa utaratibu. Walingoja kaskazi ili kuja kusini, na walianza safari ya kurudi kusi ilipoanza kuvuma, kabla ya kufikia ukali wake wa katikati ya mwaka. Kuchelea ndiko kulikokuwa elimu yao.

Maelezo yanayoelekea kufaa ni kwamba methali za bahari zina makundi mawili. Lipo kundi la methali za chomboni, zinazotaja sehemu na kazi kwa majina yake ya kiufundi. Na lipo kundi la methali za ufukoni, zinazosemwa na anayebaki kwa anayeondoka. "Mchelea bahari si msafiri" ni ya kundi la pili. Inamtia moyo mtu ambaye hajapanda. Mgawanyo huu una faida kwa mwalimu: unamruhusu kuuliza, juu ya kila methali ya bahari, msemaji amesimama wapi.

8. Kutoswa katika Adili na Nduguze

Kigezo hichohicho kinaweza kutumika katika nathari. Katika Adili na Nduguze, Adili anasafiri chomboni pamoja na ndugu zake, Hasidi na Mwivu, ambao kwa wivu wanamtosa baharini. Anaokolewa na jini Huria, na ndugu wanageuzwa manyani. Wahakiki wengi huisoma sehemu hii kama fumbo la wema na husuda, na majina ya wahusika yanaidai tafsiri hiyo.

Kitenzi "kutosa", hata hivyo, kina historia yake chomboni. Katika dhoruba, shehena hutoswa ili chombo kiwe chepesi na watu wapone. Hiyo ni sheria kongwe ya bahari: mali hupotea kwa ajili ya maisha, na hasara hugawanywa. Hasidi na Mwivu wanaipindua sheria hiyo. Wanamtosa mtu ili wabaki na mali. Uovu wao kwa hiyo si husuda ya moyoni peke yake. Ni uvunjaji wa agano linalowezesha watu kuishi pamoja katika mbao chache juu ya maji. Msomaji asiyejua kutosa shehena ataiona dhambi ya ndugu kwa ndugu. Msomaji anayejua ataona pia dhambi ya baharia kwa mwenziwe, na ataelewa kwa nini adhabu ya ndugu hao ni kuondolewa katika umbo la kibinadamu: waliomhesabu mtu kama mzigo nao wamepoteza haki ya kuhesabiwa watu.

9. Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa ufafanuzi wa kawaida wa methali za chombo huondoa kazi na kuweka majaliwa au maadili ya jumla mahali pake. Ngama imegeuzwa kuwa faraja, umaskini umegeuzwa kuwa bahati mbaya, mgawanyo wa kazi umegeuzwa kuwa sababu ya kunyamazisha, na uzembe umegeuzwa kuwa maandiko. Imeonyesha pia kuwa si kila methali ya bahari inatoka chomboni, na kwamba kutambua mahali alipo msemaji ni hatua ya lazima ya uhakiki.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, vitabu vya kiada na kamusi za methali zieleze istilahi za chombo kabla ya kutoa maana ya methali, ili mwanafunzi aweze kuipinga maana anayopewa kwa kutumia ushahidi uliomo ndani ya methali yenyewe. Pili, msamiati wa mitumbwi na semi za majini za Wakisi na Wanyakyusa wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ukusanywe sambamba na msamiati wa pwani, kwa kuwa ndiyo njia fupi zaidi ya kumfikisha mwanafunzi wa Tukuyu katika chombo ambacho hajakiona. Mwanafunzi huyo hana haja ya kusafirishwa hadi Lamu ili aielewe ngama. Anahitaji kuambiwa kwamba humo mna maji, na kwamba mtu fulani anayafua.